Jembe Mjini: Maji ya Eastlands Hurudi Shambani



Safu hii imezoea kusema juu ya shamba lililo mbali na mji: mahindi, kahawa, ng'ombe wa maziwa, na matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Juma hili yafaa tuseme juu ya shamba ambalo karani hulipita kila asubuhi akienda kazini wala halihesabu kuwa shamba. Ni vile vipande vya sukuma wiki, nduma, mahindi na majani ya ng'ombe vilivyo ukingoni mwa Mto Nairobi, Mto Ngong na Mto Mathare, na vile vilivyo kando ya reli na chini ya nyaya za umeme, katika mitaa ya Eastlands.

Wako watu wasemao kwamba kulima mjini ni aibu na uchafu, na kwamba mimea hiyo yafaa ifyekwe yote. Wako wengine wasemao kwamba mwenye njaa haulizwi amepanda wapi. Kila upande una sehemu ya kweli. Lakini kabla ya kuhukumu, hapana budi tujue mambo matatu: jembe hilo lilifikaje mjini, linanywesha mimea maji gani, na maji hayo yakitoka hapo yanakwenda kwa nani.

MSHAHARA WA MTU MMOJA

Mji wa Nairobi wa siku za ukoloni haukujengwa kwa ajili ya jamaa nzima ya Mwafrika. Majumba mengi ya kwanza ya upande wa mashariki, tangu Pumwani ya miaka ya 1920 hata Shauri Moyo, Ziwani na Bahati zilizofuata, yalikuwa zaidi vyumba vya wanaume wafanya kazi, watu kadhaa katika chumba kimoja. Mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hicho hicho. Ulihesabiwa kuwa watosha chakula cha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, ijapokuwa aliyepokea mshahara huo alikuwa na mke, watoto na wazazi huko kwao. Hao walidhaniwa kwamba wataishi kwa jembe.

Tazameni vizuri maana ya hesabu hiyo. Mwanamke aliyelima Kiambu, Machakos, Bunyore au Nyanza ndiye aliyejaza upungufu wa mshahara wa mumewe wa mjini. Gunia la mahindi lililofungwa juu ya basi likaja Nairobi lilikuwa ni sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa. Kwa hiyo shamba la nyumbani ndilo lililokuwa likiulisha mji, ingawa jambo hilo halikuandikwa katika daftari yoyote ya mji.

Mwaka 1954 kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikiri kwamba mpango huo haufai, ikashauri mshahara utakaotosha mtu na jamaa yake uletwe hatua kwa hatua. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, Kaloleni ilikuwa imejengwa kwa namna nyingine: nyumba za jamaa, zenye uwanja na nafasi wazi kati yake. Nafasi za namna hiyo ndizo ambazo jembe la mjini lilizipata tayari.

UDONGO ULIPOCHOKA

Mpango wa kuulisha mji kwa jembe la mashambani ungeweza kudumu ikiwa udongo ungekuwa na nguvu ya kudumu. Haukuwa nayo. Ardhi iliyobaki kwa Waafrika ilikuwa finyu, watu na mifugo wakazidi, na kufikia miaka ya 1930 milima ya Ukambani ilikuwa imekwaruzwa na mvua hata mawe yakaonekana. Serikali ya siku hizo iliona hatari, na katika hilo haikukosea. Ilikosea katika dawa.

Mwaka 1938 iliamuru ng'ombe wa Ukambani wapunguzwe kwa nguvu. Watu wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaja Nairobi kwa miguu, maelfu kadhaa, wanaume kwa wanawake, wakakaa mjini kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha amri ile ya nguvu iliachwa. Miaka tisa baadaye, mwaka 1947, wanawake na wanaume wa Murang'a nao walikataa kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta.

Sasa angalieni yaliyofuata huko huko Machakos. Watu walipopata soko la mazao yao, walipoona kwamba tuta huzuia maji na kuzidisha mavuno, na walipokuwa na hakika kwamba shamba ni lao, walichimba matuta wenyewe bila askari kuwasimamia. Kati ya mwaka 1930 na 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua badala ya kuzidi. Jambo hili limechunguzwa na wataalamu na kuandikwa. Twaomba msomaji aliweke akilini, maana tutalihitaji tena tutakaporudi mtoni Eastlands.

MWAKA WA 1954

Mwaka ule ule wa ripoti ya mishahara yalitokea mambo mengine mawili ambayo watu huyasimulia mbalimbali, na kumbe yanahusiana.

La kwanza ni mpango wa kustawisha kilimo cha Waafrika ulioandikwa na Bwana Swynnerton, afisa wa juu wa Idara ya Kilimo. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 5 kwa miaka mitano. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vingekusanywa viwe shamba moja, mwenye shamba angepewa hati, na Mwafrika angeruhusiwa kupanda kahawa, majani ya chai na pareto, na kufuga ng'ombe wa gredi. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa karibu mali ya walowezi peke yao, illa wakulima wachache walioruhusiwa huko Meru, Embu na Kisii tangu miaka ya 1930.

La pili lilianza tarehe 24 Aprili 1954. Majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, makumi ya maelfu ya watu wakachunguzwa, na wengi wakapelekwa vizuizini Manyani na Mackinnon Road, wengine wakarudishwa katika wilaya zao.

Uhusiano wake ni huu. Ardhi ya Wakikuyu ilipimwa na kukusanywa wakati ambapo wanaume wengi walikuwa kizuizini, au wamefungiwa katika vijiji vya hali ya hatari, au wako kazini mbali. Asiyekuwapo hakuweza kusimama mbele ya kamati aonyeshe mpaka wake. Mtu aliyekuwa amelima kwa ruhusa ya ukoo, bila kumiliki, alijikuta hana mahali. Wala jambo hilo halikuwa la bahati mbaya tu. Mpango wenyewe ulisema wazi kwamba wenye bidii na mali watapata ardhi zaidi, maskini watapata kidogo, na kwamba nchi itakuwa na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio na ardhi. Waandishi wake waliliona hilo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo.

Haki itendeke pande zote. Mpango ule uliinua kilimo. Thamani ya mazao yaliyouzwa na wakulima wadogo ilipanda zaidi ya maradufu kati ya mwaka 1955 na 1964. Kwa kahawa na maziwa watoto wengi walisomeshwa, na baadhi yao ndio makarani waliokuja kukaa Maringo, Jericho na Ofafa. Nyumba za mabati zilipanda vilima. Lakini jambo moja laweza kumjenga huyu na kumhamisha yule. Wasio na hati nao walikuwa watu, na walipaswa kula. Wengi wao walishika njia ya Nairobi.

JEMBE LAFIKA MTONI

Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliona watu 118,976 katika Nairobi. Mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa hata ikawa kilometa za mraba karibu 690, na mashamba ya upande wa mashariki, Dandora, Njiru na Ruai, yakaingia ndani ya jiji. Tangu hapo mtu aliweza kuwa mkulima na mwenyeji wa Nairobi siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine lililosaidia. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi ya chotara, ile H611, na baada yake zikaja mbegu nyingine zifaazo nchi isiyo na baridi nyingi. Mahindi yakashika nchi. Mawele na mtama yakarudi nyuma katika sehemu nyingi, na desturi ya kupanda mahindi popote penye udongo ikafuatana na watu hata mjini. Mama aliyefika Eastlands hakuja na mtaji wa duka. Alikuja na ujuzi wa kulima. Alipoona kipande cha ardhi kisichojengwa, alifanya alilolijua.

Baraza la Jiji halikupendezwa. Iliaminiwa kwamba mahindi huzalisha mbu na kuficha wezi, na sheria za mji zilitoa uwezo wa kukataza kilimo. Kwa miaka mingi askari wa Baraza walifyeka mahindi yalipokaribia kukomaa, na mwaka uliofuata mahindi yalipandwa tena palepale. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilichunguza miji sita ya Kenya, ikaona kwamba karibu nyumba tatu katika kila kumi hulima sehemu ya chakula chao ndani ya mji wanaokaa. Uchunguzi mwingine uliofuata ulionyesha kwamba wengi wa walimaji wa Nairobi ni wanawake, na kwamba sehemu kubwa ya mavuno huliwa nyumbani kabla ya kufika sokoni.

Hali ya sheria ilikuja kubadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho kizuri. Kazi ya kilimo ikakabidhiwa serikali za kaunti. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikatunga sheria ya kustawisha na kusimamia kilimo cha mjini. Hivyo jambo lililofukuzwa kwa mapanga kwa muda wa miaka mingi likakubaliwa kwa kalamu. Lakini sheria haiwezi kusafisha maji, na hapo ndipo shida yenyewe ilipo.

MAJI NA UDONGO

Mto Nairobi hutoka katika bwawa la Ondiri, karibu na Kikuyu, ukiwa maji safi. Hupita katikati ya jiji, Kamukunji na Gikomba, na ukifika Dandora umekwisha pokea mifereji, vyoo, takataka za masoko na mafuta ya gereji. Mto Ngong hupita Industrial Area na Mukuru. Mto Mathare hupita katika mabonde yenye nyumba za mabati zilizosongamana. Mito yote mitatu huonana upande wa mashariki, ndani ya Eastlands au mbele yake kidogo.

Mkulima wa ukingoni huyatumia maji hayo kwa sababu hayakauki wakati wa kiangazi. Wengine, hasa pande za Maili Saba, walijifunza kuziba bomba kubwa la maji machafu ili yafurike na kuingia katika mifereji ya shamba kabla hayajafika kwenye mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Maji hayo yana chumvi zile zile zilizomo katika mbolea ya dukani, na sukuma wiki iliyonyweshwa kwayo hunawiri pasipo kununua hata mfuko mmoja.

Madhara yake ni ya namna mbili, nasi twaomba msomaji asiyachanganye, maana dawa zake si moja.

Namna ya kwanza ni uchafu wa binadamu: vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Huyu ni adui aliye hai, kwa hiyo aweza kufa. Maji yakitulia bwawani siku nyingi, mayai ya minyoo huzama. Jua kali na ukavu huua vijidudu juu ya majani. Moto wa jikoni huua vilivyobaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, halikukataza maji hayo yasitumike kamwe. Lilitaka yapunguziwe hatari hatua kwa hatua, na kwa mboga zinazoliwa mbichi lilitaka yai la minyoo lisizidi moja katika kila lita ya maji.

Namna ya pili ni madini: risasi, ile ya betri na rangi, pamoja na kadimiamu na nyinginezo zitokazo katika viwanda, gereji na majaa. Haya hayana uhai, kwa hiyo hayafi. Moto hauyaondoi. Jua haliyaondoi. Yakiingia udongoni hukaa miaka mingi. Petroli yenye risasi iliachwa kuuzwa nchini mwetu kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyomwagwa na magari kandokando ya barabara kwa miaka mingi kabla ya hapo haikuondoka na petroli hiyo. Sehemu kubwa ya risasi hushikamana na vumbi la majani na udongo wa mizizi, na kadimiamu hupanda ndani ya jani lenyewe. Ndiyo maana mboga za majani zina hatari kuliko mahindi, na mahindi kuliko matunda ya mti.

Mfano mkubwa ni jaa la Dandora, lililoanza katika miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa Nairobi, lilitoa uchunguzi juu ya watoto 328 wa ujirani wa jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati huo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hakuchagua mahali pa kuzaliwa, wala mboga aliyopewa. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lile liondolewe, lakini amri ilipokwisha kutolewa magari yaliendelea kumwaga.

MAJI HURUDI SHAMBANI

Msomaji anayenunua mboga zake mahali pengine aweza kusema, Haya ni ya watu wa mtoni, mimi yanihusu nini? Na tufuate maji tuone.

Mto Nairobi haukomi Dandora. Huungana na Mto Athi, ambao hupita katika nchi ya Machakos na Makueni, na kuendelea hata kuwa Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Njiani humo wakulima huyachota maji yake wanyweshe nyanya, vitunguu na maembe, na mifugo hunywa. Sehemu ya mazao hayo hurudi Nairobi juu ya lori, yakauzwa Marikiti na Gikomba, yakaliwa Umoja na Kayole.

Kwa hiyo yule kijana wa Makueni anayefanya kazi katika gereji ya Eastlands, akimwaga mafuta machafu mferejini jioni, huyapeleka kwa mama yake. Na mwenye nyumba anayeunganisha choo na mfereji wa mvua, ili aokoe gharama ya bomba, huwapelekea wakwe zake. Zamani shamba liliulisha mji kwa gunia la juu ya basi. Mji ukalipa deni hilo kwa maji machafu ya mtoni. Wahenga walisema, Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa maneno hayo hayana fumbo. Ni habari ya mto wetu kama ulivyo.

LIFANYWE NINI

Sasa turudi kwenye funzo la Machakos. Nguvu ya mwaka 1938 ilishindwa. Matuta yalichimbwa watu walipoona faida na walipokuwa na hakika ya ardhi. Eastlands ni vivyo hivyo. Kufyeka sukuma wiki ya mama wa mtoni hakupunguzi hata tone moja la uchafu ulioko majini. Humhamisha tu akapande mahali pengine palipo pabaya zaidi. Wala kumwacha aendelee kana kwamba hapana hatari si huruma. Yatupasa kumpa maji mema na mahali panapojulikana, ndipo tumtake afuate kanuni. Basi twatoa shauri letu kwa kila mmoja.

Kwa mkulima wa mtaani: Usipande mboga za majani karibu na jaa, gereji, kiwanda, au ukingo wa barabara kubwa. Kama huna mahali pengine, panda maua, miche ya miti au miti ya kivuli, uuze ununue mboga. Ukitumia gunia au ndoo mlangoni pako, leta udongo wa mahali safi na samadi iliyooza vizuri, nawe utakuwa umeikimbia nusu ya hatari. Kinga maji ya mvua ya paani. Mwagia shinani, si juu ya majani, na uache kumwagilia maji ya mto siku kadhaa kabla ya kuvuna. Samadi na chokaa udongoni hupunguza kiasi cha madini kinachopanda katika mmea, ingawa haviyaondoi. Wala usilime hadi kwenye lipu ya maji. Kanuni za mazingira zataka ukingo wa mto uachwe mita 6 hadi 30. Mafuriko ya mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024 yalionyesha sababu yake, maana yalichukua mimea, nyumba na maisha ya watu.

Kwa mnunuzi: Osha mboga kwa maji mengi safi, zaidi ya mara moja, na utupe majani ya nje. Kuosha huondoa vumbi lenye risasi, na kupika huua vijidudu; moja halitoshi pasipo lingine. Muulize muuzaji mboga imetoka wapi. Akiona kwamba wanunuzi wanauliza, naye atamwuliza mkulima.

Kwa mwenye nyumba, mwenye gereji na mwenye karakana: Lipa gharama ya bomba. Weka pipa la mafuta machafu. Betri kuukuu isivunjwe uani penye watoto. Katika habari hii yote, ninyi ndio mnaoweza kuondoa hatari kwenye asili yake, na mkulima wa mtoni hana uwezo huo hata akitaka.

Kwa Kaunti: Sheria ya mwaka 2015 itakuwa na maana pale ambapo afisa wa kilimo, yule tuliyezoea kumwita Bwana Shamba, atakapoonekana Dandora na Korogocho kama alivyoonekana Nyeri na Meru. Udongo na maji ya mitaa yapimwe, na matokeo yabandikwe mahali watu watayasoma, kwa Kiswahili. Maji ya mabwawa ya Ruai, yaliyokwisha kutulia na kupimwa, ni afadhali mara nyingi kuliko maji ya bomba lililozibwa njiani. Na kwa kuwa mitaa ya zamani inabomolewa ili majumba marefu yajengwe, kama ilivyokwisha tendeka Pangani, yafaa kila ramani mpya iache kipande cha ardhi safi chenye maji ya bomba, ili wakazi wapande mboga. Wajenzi wa Kaloleni ya miaka ya 1940 waliweza kuacha nafasi. Hatuoni kwa nini wajenzi wa leo washindwe.

Watakuwako watakaosema kwamba fedha haipo. Twawajibu kwamba fedha inatumika tayari, lakini inatumika hospitalini, darasani kwa mtoto asiyeweza kushika somo, na katika kila safari ya kufyeka mimea ambayo itaota tena. Mzee wa mtaa akikusanya wenye nyumba kumi na wakaziba mfereji mmoja mchafu, wamefanya kazi ya maendeleo ya kilimo kwa kweli, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyeshika jembe. Maana shamba la Makueni na mtaa wa Kayole ni nyumba moja yenye vyumba viwili, na maji yanayopita katikati yake ni yale yale.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya namna ya kuozesha samadi ya kuku na mbuzi katika uwanja mdogo bila kuwaudhi majirani. Mpaka hapo, kila msomaji atazame mfereji ulio mbele ya nyumba yake, ajiulize unakwenda wapi.